Tuweke Hisia Pembeni?

Kuna sentensi niliyoisikia katika vikao vingi kiasi kwamba siku hizi naweza kuitabiri kabla mwenyekiti hajafungua kinywa: "Ndugu wajumbe, tuweke hisia pembeni, tuangalie hoja." Hutamkwa kwa upole, aghalabu mara tu baada ya mjumbe mmoja kuzungumza kwa sauti iliyoanza kutetemeka. Wengine huitikia kwa vichwa, mafaili hufunguliwa, na yule aliyetetemeka hujiona kana kwamba ametenda kosa la adabu. Wanafunzi wangu wameirithi tabia hiyo. Katika semina, wakitaka kummaliza mwenzao, hawajisumbui kuonyesha alipokosea. Humwambia ana jazba, na mjadala huishia hapo.

Nami nimeitumia sentensi hiyo, na kuna siku niliitumia vibaya.

Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika kamati ya rufaa za wanafunzi. Chuo sitakitaja. Mbele yetu kulikuwa na jalada la kijana wa mwaka wa pili aliyekosa mitihani miwili kwa sababu alikwenda kumzika mama yake. Kanuni ilitaka barua ya serikali ya kijiji yenye muhuri. Yeye alileta barua ya mwenyekiti wa kitongoji, imeandikwa kwa mkono, haina muhuri, kwa maelezo kwamba mtendaji wa kijiji alikuwa safarini na ofisi ilikuwa imefungwa. Mjumbe mmoja, mama aliyekuwa akikaribia kustaafu, alisema kwa uchungu kwamba hakuna mtoto anayemzulia mama yake kifo ili akwepe mtihani wa takwimu. Mimi ndiye niliyemjibu. Nilimwita mama, kama heshima inavyotaka, nikamwomba tuweke hisia pembeni, kisha nikasoma kanuni kwa sauti tulivu. Dakika chache baadaye rufaa ilikataliwa. Mwaka uliofuata nililitafuta jina la kijana yule katika orodha ya usajili, sikuliona.

Nilichukua muda mrefu kukiri kilichotokea chumbani mle. Ilikuwa imekaribia saa kumi na mbili jioni na hatukuwa tumekula tangu mchana. Wiki chache kabla, kamati yetu ilikuwa imekemewa kwa kile kilichoitwa ulegevu, na hakuna aliyetaka kukemewa tena. Barua ya kijana ilikuwa na makosa mengi ya uandishi, na mimi, mwalimu, makosa ya uandishi hunikera. Njaa, hofu na kero: hizo ndizo zilizokuwa mezani, zimeketi vizuri kabisa, zikipiga kura pamoja nasi. Hisia pekee tuliyoitoa nje ilikuwa huruma. Halafu tukaitazama meza ile tukasema imebaki mantiki tupu.

Nasimulia haya kwa sababu nadhani kosa letu si kwamba tulikosa huruma. Inawezekana kabisa kwamba hata baada ya kumhurumia yule kijana tungeikataa rufaa kwa sababu nzuri. Kosa lilikuwa kuamini kwamba uamuzi unaweza kufanywa na akili iliyo peke yake, na kwamba sisi ndio tuliokuwa nayo.

Dhana hiyo ni ya kale. Plato aliifananisha nafsi na mwendesha gari la farasi wawili, mmoja mtiifu na mwingine mkaidi, na kazi ya akili ni kushika hatamu. David Hume, katika karne ya 18, aliligeuza jambo hilo juu chini akasema akili haina mwendo wake yenyewe, hutumikia matamanio. Wanafalsafa wameendelea kubishana katikati ya nguzo hizo mbili, na sina nia ya kuwapatanisha hapa. Ushahidi unaonivutia zaidi ulitoka hospitalini.

Antonio Damasio, tabibu wa magonjwa ya ubongo mzaliwa wa Ureno aliyefanya kazi Marekani, alichapisha mwaka 1994 kitabu kuhusu wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, karibu na usawa wa macho. Baadhi yao walibaki na akili timamu kwa kila kipimo cha kawaida. Kumbukumbu yao ilikuwa nzima, hesabu walizifanya, lugha yao ilikuwa safi, na waliweza kueleza lipi jema na lipi baya. Kilichopungua ni hisia. Wangeonyeshwa picha za maafa, wakajua kwamba ni za kutisha, lakini wasitishike. Kama mantiki tupu ingekuwa ndiyo njia ya uamuzi bora, hawa wangekuwa waamuzi hodari kuliko sote. Ikawa kinyume chake: maisha yao yalivurugika. Mmoja wao alipoulizwa achague kati ya siku mbili za kurudi kliniki, alitoa kalenda yake akaanza kuorodhesha faida na hasara za kila siku, ahadi zake nyingine, hata uwezekano wa mvua, kwa karibu nusu saa, bila kufika popote. Daktari alipomwambia kwa utulivu kwamba aje siku ile ya pili, alijibu kwamba ni sawa, akafunga kalenda akaondoka.

Hoja zake hazikuwa na kasoro. Hakuwa na kitu ndani yake cha kumwambia kwamba jambo lile halina uzito wa nusu saa. Kupima uzito ni kazi ya hisia. Akili inaweza kutuonyesha njia kumi. Hisia ndiyo inayotuambia ipi ni ya kuogopwa, ipi inachosha, ipi inaaibisha, na ipi haistahili hata kufikiriwa. Wapo wanaompinga Damasio katika maelezo yake ya jinsi mwili na ubongo vinavyoshirikiana, na mjadala huo haujaisha. Wala yeye mwenyewe hakudai kwamba hisia ni salama wakati wote. Anasimulia kwamba mgonjwa huyohuyo aliwahi kuendesha gari kwenye barabara ya barafu bila wasiwasi, akipita pale ambapo dereva mwingine alishikwa na hofu akapoteza mwelekeo.

Wahenga wetu nao hawakuwa na kauli moja. Walituonya kwamba hasira hasara, na onyo hilo ndilo tunalolikumbuka tunapotaka kunyamazisha watu. Lakini walisema pia kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nimekuwa nikiitumia methali hiyo tangu utoto kama lawama kwa matajiri wenye choyo. Nikiitazama leo naona inazungumzia ujuzi. Haisemi mwenye shibe hampendi mwenye njaa, wala kwamba anamchukia, inasema hamjui. Huenda ana takwimu zote za njaa mezani kwake. Kuna habari moja ambayo haijamfikia, nayo hupita tumboni tu.

Sasa niende ziwani, maana ni huko ambako jambo hili lilitugharimu roho za watu.

Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba, ikitokea Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa inakaribia Mwanza. Ilikuwa na ruhusa ya kubeba abiria 430. Waliokufa ni mamia, na hesabu kamili haitapatikana kamwe, kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Baada ya kupinduka, meli ilielea kwa muda, tumbo lake likiwa juu, na ndani yake walikuwamo watu walio hai. Waokoaji walisikia wakigonga chuma. Wakatoboa tundu ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imenaswa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiielesha meli, ikatoka, na meli ikazama.

Kila ninapolifundisha tukio hili yupo mwanafunzi anayeninyooshea kidole: "Mwalimu, si unaona? Huruma iliua." Ndiyo, huruma ilitangulia na swali likachelewa. Swali lenyewe lilikuwa la fizikia ya sekondari: ni nini kinachoifanya meli hii ielee, na tukitoboa kitakwenda wapi? Lakini mimi sina ujasiri wa kuwahukumu watu wale. Sidhani kama ningeweza kusimama juu ya chuma kile, nikasikia binadamu wakigonga chini ya miguu yangu, kisha nikatafakari kanuni ya Archimedes. Saa ile haikuwa saa ya kuanza kufikiri. Kufikiri kulipaswa kuwa kumefanyika miaka mingi kabla, katika ofisi yenye kivuli, na mtu asiyesikia kugonga kokote: kuandaa wapiga mbizi, vifaa, na utaratibu wa kufuata meli ikipinduka. Na huyo mtu wa ofisini angefanya kazi hiyo kwa msukumo gani, kama si hofu? Angelazimika kuogopa siku ya utulivu, ziwa likiwa shwari, kwa niaba ya watu asiowajua.

Mwanafunzi wangu anaanza kusimulia pale tundu lilipotobolewa. Mimi humwomba arudi nyuma hadi gatini. Idadi ya abiria wanaoruhusiwa ilijulikana. Hakukuwa na upungufu wa taarifa, wala wa uwezo wa kuhesabu. Kilichokosekana ni mtu kushtuka. Meli ilikuwa imejaa juzi ikafika. Ilijaa wiki iliyopita ikafika. Kila safari iliyofika salama iliilaza hofu kidogo, ingawa hatari yenyewe haikupungua hata chembe. Hivyo ndivyo mazoea yanavyofanya kazi: hayabadilishi ukweli, yanabadilisha jinsi ukweli unavyotugusa. Na mtu asiyeguswa na hatari anaweza kuijua kwa tarakimu zake zote akaitazama ikiondoka bandarini.

Miaka 22 baadaye, katika ziwa lilelile, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Septemba 20, 2018, kikiwa karibu kabisa na gati ya Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliofariki walizidi 220. Giza lilipoingia uokoaji ulisimamishwa hadi asubuhi, na siku mbili baada ya ajali wapiga mbizi walimtoa fundi mmoja wa kivuko akiwa hai, aliyekuwa amejihifadhi penye hewa ndani yake. Sisemi kwamba waliosimamisha kazi usiku walikosea. Kupeleka waokoaji gizani bila vifaa kungeweza kuongeza vifo, na hoja hiyo ni nzito. Ninachouliza ni kwa nini, baada ya MV Bukoba, hapakuwa na vifaa vya kufanya kazi usiku. Jibu si kwamba tulisahau takwimu za 1996. Tunazo, tunazisoma kila Mei. Tulichosahau ni kile kishindo cha kugonga.

Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu watanijibu kwamba bajeti haiandikwi kwa machozi. Nakubali. Ila wasidhani kwamba huandikwa bila hisia. Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha mwaka 1981 jaribio ambalo ningependa libandikwe katika kila idara ya mipango. Waliwaambia wanafunzi wa vyuo vikuu wafikirie ugonjwa unaotarajiwa kuua watu 600, wachague kati ya mipango miwili. Wa kwanza utaokoa watu 200 kwa hakika. Wa pili una uwezekano wa theluthi moja kwamba wote 600 wataokolewa, na theluthi mbili kwamba hataokolewa yeyote. Asilimia 72 walichagua wa kwanza. Kundi lingine lilipewa mipango ileile kwa maneno tofauti: katika wa kwanza watu 400 watakufa, katika wa pili kuna theluthi moja kwamba hakuna atakayekufa, na theluthi mbili kwamba watakufa wote 600. Safari hii asilimia 78 waliukimbilia wa pili. Hesabu haikubadilika. Kilichobadilika ni neno kufa kuchukua nafasi ya neno kuokoa.

Sasa uchukue waraka wowote unaopendekeza kufunga zahanati, kuhamisha wakazi au kupunguza mikopo ya wanafunzi. Utakuta umeandikwa kwa upande wa kuokoa: kiasi kitakachobaki, watakaonufaika, ufanisi utakaopatikana. Mwandishi wake atakula kiapo kwamba hakuweka hisia yoyote. Amejaza hisia, ila ni zile za faraja, na faraja haitetemeshi sauti. Mwanakijiji anayesimama katika mkutano wa hadhara kusema kwamba kaburi la baba yake limo katika shamba mnalolitwaa, yeye sauti yake inatetemeka. Basi waraka unaitwa utaalamu na mwanakijiji anaitwa mwenye jazba. Wote wawili wana hisia na wote wawili wana hoja. Mkubwa akikasirika, tunasema ana msimamo. Mdogo akikasirika, tunasema hajakomaa. Nimeona mkurugenzi akipiga meza, na katibu akiandika kwamba mkurugenzi "alisisitiza".

Wanaharakati nao wasishangilie upesi. Kuna pingamizi moja ambalo silichukulii kirahisi, nalo ni la Rwanda. Mwaka 1994 redio iliingia majumbani ikawasha hofu na chuki hadi majirani wakachinjana. Mtu aliyeyaona hayo, au aliyeokoka, ana haki ya kuniambia kwamba hisia za umma si kitu cha kuchezea, na kwamba ni bora vikao baridi kuliko umati wa moto. Nimelifikiria pingamizi hili mara nyingi na sijalimaliza. Lakini naona mambo mawili. La kwanza, hofu ile haikutembea peke yake, ilivishwa hoja. Watu waliambiwa wanajilinda, wakapewa historia, wakapewa sababu, wakapewa majina na mahali. Mantiki ilikuwapo, ikitumikia. La pili, kabla ya kuwasha chuki, wachochezi walihakikisha wamezima hisia nyingine. Binadamu alipewa jina la mende ili asihurumiwe. Waliofanya kazi hiyo walielewa vizuri kwamba huruma ni kizuizi, na kwamba ni lazima kwanza itolewe nje ya mlango.

Kwa hiyo siwezi kumwambia mwanaharakati kijana kwamba hasira yake ni ushahidi wa kutosha. Hasira inaleta habari: kuna mpaka umevukwa. Haisemi nani ameuvuka, wala dawa ni ipi, na mara nyingi humnyooshea kidole aliye karibu badala ya aliyehusika. Habari ikija, huulizwa maswali. Nimekasirishwa na kitendo au na mtu? Ningekasirika hivihivi kama aliyetenda angekuwa wa upande wangu? Swali hili la pili ni gumu kuliko linavyoonekana. Nimewahi kulitoa darasani msimu wa uchaguzi, na kimya kilichofuata kilikuwa kirefu.

Na mtumishi wa umma simwambii alie kikaoni. Namwomba afanye jambo dogo lenye aibu kidogo: kabla ya kupiga kura, kila mjumbe ataje anachokiogopa. Nimelijaribu hilo katika kamati moja ninayoiongoza sasa. Mara ya kwanza walicheka. Kisha mmoja akasema anaogopa mkaguzi. Mwingine akasema amechoka na angependa tumalize. Wa tatu alisema anamfahamu baba wa mwombaji na hampendi, akaomba asishiriki katika uamuzi ule. Kikao kilichukua dakika 15 zaidi ya kawaida. Sidai kwamba uamuzi tulioufikia ulikuwa bora. Siku nyingine tumekosea vilevile, tena baada ya kutaja kila kitu. Ila tulijua ni nani waliokuwa mezani.

Mwenzangu mmoja hanikubalii. Anasema kanuni iliwekwa ili kumlinda mnyonge dhidi ya hisia za wakubwa, na mlango ukifunguliwa kwa huruma, watakaoingia wa kwanza ni watoto wa wenye majina, kwa kuwa hao ndio tunaowahurumia bila kujitambua. Ana haki. Ndiyo maana sitaki kanuni ya muhuri ifutwe. Kanuni ni hisia ya watu waliotutangulia, waliowahi kuumizwa na upendeleo wakaiandika hofu yao kwa maneno makavu ili idumu. Anayeisoma bila kujua ilimwogopa nani atamgeuzia mtu asiyehusika. Muhuri uliwekwa kumzuia mwongo mwenye uwezo wa kununua barua. Sisi tuliutumia kumzuia kijana asiye na nauli ya kurudi kijijini mara ya pili.

Hilo la nauli lilikuwa katika barua yake, aya ya mwisho. Nililisoma siku ile. Nakumbuka pia kwamba nililisahihisha, kwa kalamu nyekundu, kwa sababu aliandika nauli kwa herufi isiyo yake.

Nakala ya muhtasari wa kikao kile bado ninayo. Imeandikwa kwamba wajumbe waliijadili rufaa kwa kina na kuikataa kwa kauli moja. Yule mama hakunyoosha mkono upande wowote. Katibu alimhesabu pamoja nasi.